Kwaya Iliyokwama Mwaloni

Saa moja asubuhi. Nzuguni.

Chumba cha nyuma cha bucha la kitimoto kilinuka mafuta ya jana. Paskali alikuwa amesimama. Wengine watatu walikaa juu ya makreti ya soda, wote wamevaa kitenge kimoja: cha njano, chenye njiwa weupe. Katikati yao, sakafuni, ilisimama ngoma.

"Sisi ni nani?" Paskali aliuliza.

"Kwaya," Bupe alijibu kwa uvivu.

"Tunaanzia wapi?"

"Makole. Ofisini kwa Msafiri. Kuomba mchango wa albamu."

"Halafu?"

"Mtera. Kupiga video kwenye boti."

Ulikuwa mpango mzuri, tumpe Paskali haki yake. Msafiri alikuwa dalali wa mawe ya vito, na siku hiyo alikuwa anapokea mzigo wa yakuti kutoka machimboni. Mlangoni pake alikaa mlinzi mwenye bunduki. Lakini Dodoma nzima hakuna mlinzi anayempekua mwanakwaya. Kwaya huingia kila ofisi na bahasha za michango, mwaka mzima, mpaka watu wamechoka hata kuwaangalia. Na polisi wakishafunga barabara pale darajani Mtera, wao watakuwa wanakata bwawa kwa boti, wakipungia watu mkono, kwenda upande wa Iringa ambako mnunuzi alikuwa anawasubiri.

Bupe alitoka Mbeya na bastola yake. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakumpenda mtu. Paskali alizaliwa Tabora, akaishi Dodoma zaidi ya miaka kumi, na muda wote huo hakujifunza Kigogo hata cha kuombea maji. Aliona ni lugha ya wachunga ng'ombe. Wenyeji walikuwa Antonia na Noeli. Antonia alipika chai ofisini kwa Msafiri, ndiye aliyejua mzigo unaingia lini na unawekwa wapi. Noeli, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa dereva.

Antonia alimwinamia Noeli, akamwambia neno kwa Kigogo.

"We!" Paskali alifoka. "Nilisema nini? Hapa Kiswahili tu. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nitamfikisha ng'ambo mzima."

Hakuwa anadanganya. Mama yao alipofariki Noeli aliachwa mikononi mwake, na ni yeye huyohuyo Antonia aliyemwingiza kwenye dili hili. Usiku uliopita hakulala. Mawe aliyataka, ndiyo, nani asiyeyataka, lakini alichokiomba kwa Mungu asubuhi ile kilikuwa Noeli tu.

"Na hii ngoma?" aliuliza.

"Hiyo ndiyo sefu yetu. Mawe yanaingia humo, tunashindilia na matambara."

"Kaka Paskali, hii ni muheme. Kwetu inapigwa na wanawake. Mwanamke yeyote akiiona atataka aisikie."

"Nani atajali ngoma?" Paskali alisema, akavaa kofia yake ya mwalimu wa kwaya. "Twendeni."

Saa tatu asubuhi. Makole.

Mlinzi aliwafungulia mlango mwenyewe. "Bwana Yesu asifiwe," Antonia alisema. "Amina," mlinzi alijibu, akapiga mwayo.

Ndani, mambo yalikwenda haraka. Bupe alitoa bastola. Msafiri aliona, akakaa chini bila kuambiwa. Antonia alifungua kabati la chini, nyuma ya boksi la majani ya chai, akatoa mfuko. Msafiri alimtazama macho makavu. "Antonia. Umekula kwangu wewe," alisema. Antonia alimwaga mawe ndani ya ngoma, akashindilia matambara.

Kazi ya Bupe ilikuwa kumfunga mlinzi na kumnyang'anya bunduki. Aliona ni usumbufu. Alimpiga teke la tumbo, akamcheka, akamruka.

Walikuwa ndani ya Noah tayari, Noeli amekanyaga mafuta, mlinzi alipojiburuta mpaka barazani na kufyatua. Risasi ilipita kwenye mlango wa dereva. Noeli hakupiga kelele. Aliendesha mpaka nje ya mji, akasimamisha gari pembeni vizuri kabisa, akaweka breki ya mkono, halafu akaanguka juu ya usukani. Paja lake la kulia lilikuwa limechanika, na kiti kimelowa damu.

"Nilitakiwa kumfunga yule mzee," Bupe alisema.

"Ulitakiwa," Paskali alijibu. "Shika usukani."

Antonia alichana khanga, akalifunga paja kwa nguvu zake zote. Alimtukana Bupe njia nzima, kimoyomoyo, kwa Kigogo.

Saa tano na nusu. Mwalo wa Kwa Matonya.

Walilisikia bwawa kabla ya kuliona. Upepo ulikuwa umelichafua. Mawimbi ya rangi ya matope yalikuja yamebebana, yakapasuka juu ya mchanga, na mvua ilipiga ubavuni. Boti zote zilikuwa zimevutwa juu, zimefungwa kwenye magogo. Hakuna hata moja iliyokuwa majini.

Sila, mwenye boti waliyoikodi, alikuwa amechutama chini ya kibanda cha makuti, anavuta sigara. Alikuwa mfupi, na kauli zake zilikuwa za mkato.

"Boti haitoki," alisema kabla hawajamsalimia.

"Tumekulipa," Paskali alisema.

"Mmenilipa kuvuka. Hamjanilipa kufa."

"Tunawahi kupiga video."

"Pigeni hapahapa. Maji si hayo mnayaona?" Sila alitema mate. "Leo alfajiri kijana wetu Elieza alitoka na upepo huuhuu. Tumemtoa kwenye maji saa mbili. Upepo ukitulia, na tukishamzika, nitawavusha. Si kabla."

Paskali alitazama bwawa. Alitazama barabara. Nyuma yao polisi walikuwa tayari wanapigiana simu, na mbele yao kulikuwa na maji yasiyovukika. Alikuwa amepanga kila kitu, ila hakuwahi kuuliza kuhusu hali ya hewa.

Walimwambia Sila kwamba Noeli ana homa. Wakamfunika khanga kuficha damu, wakambeba mpaka kwenye chumba cha kuhifadhia nyavu, nyuma ya mashine ya kusaga, wakamlaza juu ya nyavu zilizonuka perege. Uso wake ulikuwa umepauka. Antonia aliifungua khanga, akaifunga tena. Damu haikukubali kukoma.

"Kuna zahanati hapo juu," alisema. "Nimeona kibao tulivyokuwa tunakuja."

"Zahanati wanauliza," Paskali alijibu. "Jeraha la risasi wanapiga simu polisi. Unalijua hilo."

"Atakufa."

"Basi omba upepo ukome. We si mwanakwaya?"

Noeli alifumbua macho. "Da Antonia," alisema, "maji." Antonia alitoka kwenda kuyatafuta. Aliyapata kwenye pipa la nyuma, na hapo, upande wa pili wa ukuta wa mabati, aliwasikia Paskali na Bupe.

"Anatuchelewesha," Bupe alikuwa anasema.

"Hatufiki naye. Mnunuzi akiona mtu anavuja damu anageuza gari. Tukifika katikati ya maji, tunamshusha."

"Na dada yake?"

"Akinyamaza, anavuka. Akipiga kelele, anamfuata."

Antonia alikijaza kikombe mpaka juu. Alirudi, akamnywesha mdogo wake taratibu, akamfuta kidevu. Hasira ilimpanda mpaka ikawa kama utulivu. Mlangoni Bupe alisimama akimwangalia, mkono kiunoni. Kukimbia haingewezekana. Kupiga kelele, Bupe angemmaliza Noeli hapohapo juu ya nyavu.

Saa saba mchana.

Walikuja wazee wawili na mwanamke mmoja, wamejifunika mifuko ya salfeti kwa ajili ya mvua. Mwanamke aliitwa Violeth. Alikuwa mtu wa kanisani, ilionekana hata kwa namna alivyosimama.

"Mbukwenyi," walisalimia.

"Mbukwenyi," Paskali aliitikia. Hilo moja alikuwa analijua.

"Tumeambiwa kuna kwaya imekwama," Violeth alisema. "Sisi kwaya yetu imekwenda Mpwapwa kwenye mashindano. Na hapa tuna msiba. Tukasema Mungu hakuwaleta bure. Njooni mtuimbie."

Paskali alikohoa. "Mama, tumechoka. Na mwenzetu mgonjwa."

Wazee walitazamana. Katika nchi ile kwaya inaweza kukosa vyombo, ikakosa nauli, ikakosa hata chakula, lakini kwaya yenye sare kupita kando ya msiba bila kuimba ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mzee mmoja aliuliza, taratibu, "Nyie ni kwaya ya kanisa gani vile?"

Paskali aliliona shimo. Alicheka kicheko cha meno tu. "Tunakuja, mzee. Tunakuja sasa hivi."

Walipogeuka kutoka, alimshika Antonia mkono akaubana. "Wimbo mmoja. Unaimba wewe, sisi tunaitikia. Ukileta ujanja, Bupe anarudi kwenye nyavu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Antonia alisema.

Alibeba ngoma mwenyewe Paskali. Hakutaka kuiacha.

Msibani, turubai lilikuwa linapigwa na upepo mpaka kamba zake zinalia. Wanaume walikaa upande mmoja, pembeni yao wameegemeza majembe na sepetu za kuchimbia kaburi. Wanawake walikaa chini, kwenye mikeka. Mama wa marehemu, Dorkasi, alikuwa katikati yao, miguu ameinyoosha, hana machozi tena. Watu waliwatazama wageni wenye njiwa vifuani, na kwa dakika chache nyuso zililainika.

Violeth aliifuata ngoma moja kwa moja, kama Antonia alivyosema asubuhi. Alichuchumaa, akaipiga kwa kiganja. Ilitoa mlio wa gunia la mahindi.

"Ngoma yenu inaumwa?" aliuliza.

"Imelowa mvua," Paskali alisema haraka, akaivuta ikawa katikati ya miguu yake.

"Muheme hailowi ndani, baba."

Wanawake wawili walinyoosha shingo kuitazama ngoma. Bupe alisogeza mkono. Antonia aliuona, akaingia mbele, akapiga magoti kwa mama wa marehemu.

"Shikamoo mama. Pole."

"Marahaba," Dorkasi alisema bila kumtazama. "Imba, mwanangu. Na mniimbie kwa Kigogo. Elieza hakuzaliwa kwa Kiswahili."

Antonia alimgeukia Paskali kama mwanakwaya anayemwomba mwalimu wake ruhusa. Watu wote nao wakamgeukia. Paskali alikaza taya. Angekataaje? Mama aliyefiwa ameomba, mbele ya kijiji kizima, naye kavaa kofia ya ualimu.

"Imba," alisema.

Antonia aliimba miaka mingi kabla hajaanza kupika chai za watu. Alifumba macho, akaitoa sauti kutoka chini kabisa, ikapita juu ya upepo. Beti ya kwanza ilikuwa ya msiba: Elieza amelala, maji yamemchoka yamemrudisha, mama nyamaza. Wanawake waliitikia kiitikio cha kale, kile ambacho kila mtoto wa Kigogo huzaliwa akikikuta. Bupe alichezesha midomo. Paskali alitikisa kichwa kwa mapigo, anajikaza aonekane mwalimu kweli.

Beti ya pili Antonia aliitunga palepale, kwa Kigogo kilekile na tuni ileile.

Mama Dorkasi, wako amelala, wangu bado anapumua.

Yuko juu ya nyavu, nyuma ya mashine, damu inamwisha.

Msigeuze macho, mama zangu. Itikieni tu.

Kiitikio hakikuja. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini Antonia aliona maisha ya Noeli yananing'inia ndani yake. Violeth alikuwa amefungua mdomo, ukabaki wazi. Paskali aliacha kutikisa kichwa.

Aliyeitikia wa kwanza alikuwa Dorkasi. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia, ikatoka mikwaruzo mitupu, lakini aliitikia. Na wanawake wote wakamfuata, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Paskali akatulia. Akaendelea kutikisa kichwa.

Mrefu huyu ana bastola kiunoni, upande wa kulia.

Wa kofia ndiye mkubwa wao. Si kwaya hawa, ni majambazi.

Na mimi ni mmoja wao. Mniue baadaye. Mtoeni kwanza mdogo wangu.

Wanawake waliitikia. Machozi yalikuwa yanamtoka Antonia, na Paskali aliyaona, akaona yamependezesha kazi.

Upande wa wanaume, Sila aliizima sigara yake. Alichukua sepetu, akasimama. Mwingine akasimama na jembe, na mwingine. Wanaume wanaoondoka msibani na sepetu mkononi hakuna anayewashangaa, kaburi lazima lichimbwe. Watatu walielekea kwenye mashine ya kusaga. Wengine walizunguka turubai kwa nyuma, bila haraka, huku wimbo unaendelea.

Bupe alishtuka mwisho kabisa, kivuli kilipomwangukia begani. Alivuta bastola. Sepetu ya Sila ilimkuta mkono ukiwa nusu njia, mfupa ukalia, na risasi ikaingia kwenye mchanga. Halafu wakamwangukia. Mtu aliyemcheka mlinzi asubuhi alilia kwa jina la mama yake.

Paskali hakumtazama mara mbili. Alikumbatia ngoma, akapasua katikati ya mikeka, akamkanyaga mwanamke mkono, akakimbilia majini. Alikata kamba ya boti ya Sila kwa kisu, akaisukuma, akaruka ndani. Injini iliwaka kwa mvuto wa pili. Aligeuka mara moja kuwatazama walioko ufukweni, na kofia ikapeperuka.

"Atapinduka kwenye mkondo," Sila alisema. Alikuwa anatweta.

Wimbi la kwanza boti ililipanda. La pili lilikuja ubavuni. Boti ilionyesha tumbo lake, na Paskali akaonekana kichwa na mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeng'ang'ania ngoma. Kama angeiachia, pengine angeushika ubao wa boti, ulikuwa karibu naye kabisa. Hakuiachia. Mawe yale yalikuwa mazito, na mvua ikamficha.

Hakuna aliyeshusha boti kwenda kumtafuta. Siku ile kijiji kilikuwa kimeshampoteza mtu wake, na hakikuwa na huruma ya kugawa.

Saa kumi na moja jioni.

Upepo ulikuwa umekata ghafla, kana kwamba haukuwahi kuvuma. Polisi walimkuta Antonia amekaa chini, peke yake, nje ya turubai. Alikuwa amekaa hapo tangu walipombeba Noeli kumpeleka zahanati kwenye pikipiki, katikati ya vijana wawili. Hakuna aliyemfunga. Hakuna aliyempa maji. Mwanamke aliyekanyagwa mkono alikuwa amempiga kofi, na Antonia hakunyanyua hata uso.

Walimtia pingu, wakampandisha nyuma ya gari. Bupe alikuwa tayari humo, mkono umefungwa vijiti, anaugua. Askari alikuwa anafunga mlango Dorkasi alipokuja, amejitanda khanga nyeusi, anatembea polepole.

"Mama," Antonia alisema. "Mdogo wangu..."

"Yupo. Wamemtundikia dripu. Anapelekwa Dodoma, na askari wake pembeni." Dorkasi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuitikia kwa sababu wako alikuwa hai. Lakini umeniletea bunduki kwenye msiba wa mwanangu. Umenifanya niimbe habari zako wakati namlilia Elieza. Usiniite mama."

"Nisamehe."

"Sijafika huko," Dorkasi alisema, akageuka kwenda kuzika.

Gari halikuwaka mara moja. Askari walikuwa wanabishana kuhusu betri. Antonia alisikia hatua za watu wakielekea makaburini, halafu akasikia ngoma.

Maji yalikuwa yameitema saa moja kabla, juu ya mchanga, bila Paskali. Matambara yalikuwa yametoka, na mawe yamebaki chini ya bwawa pamoja na aliyeyataka. Violeth alikuwa ameiokota, akaikausha kwa moto. Sasa alikuwa anaipiga, na ilikuwa na sauti yake kamili, nene, inayoingia tumboni.

Mtu alianzisha wimbo. Ulikuwa uleule wa mchana, beti ya kwanza tu: Elieza amelala, maji yamemrudisha.

"Hawa wanaimba nini?" askari kijana, mgeni wa mkoa, aliuliza.

Antonia aliegemeza kichwa kwenye bodi la gari, mikono ndani ya pingu, akaitikia.